Mbona Sebule Nzima Imenyamaza?

Ni saa tatu kasoro usiku. Uko nyumbani kwenu Igunga, umekaa kwenye mkeka karibu na mlango ili upepo ukupitie. Chakula kimeshaliwa, vyombo bado. Baba yuko kwenye kochi lake ambalo hakuna mwingine anayethubutu kulikalia. Mama anachambua mchele wa kesho. Bibi yuko kwenye kigoda, jicho moja limelala, jingine linaangalia. Kaka yako, yule utingo wa lori, amerudi leo kutoka Kahama na amejinyoosha kwenye kona. Televisheni inawaka. Tamthilia mnayoipenda ndiyo kwanza imeanza, na watoto wa jirani wanachungulia dirishani kama kawaida yao.

Basi, inafika sehemu. Dada wa kwenye tamthilia ametoka hospitali na karatasi mkononi. Anamwambia mumewe, "Nimepima." Ule muziki wa kutisha unapigwa.

Sasa wewe usiangalie televisheni. Waangalie watu wa kwenu. Baba anatafuta rimoti. Mama amekumbuka ghafla kwamba kuna maji jikoni. Wewe mwenyewe unachunguza kucha zako kama vile hujawahi kuziona. Kaka anakohoa, kikohozi kile kile alichoondoka nacho wiki tatu zilizopita. Hakuna anayesema neno mpaka linapoingia tangazo la sabuni. Hapo ndipo kila mtu anaanza kuongea kwa mpigo, tena kuhusu umeme uliokatika jana.

Kama hali hii haijawahi kutokea kwenu, nyinyi mna bahati, na unaweza kuruka kurasa hizi ukaenda kwenye michezo. Sisi wengine tubaki hapa tuiangalie vizuri hiyo dakika moja ya ukimya. Ni dakika ya thamani sana, na watu wengi tunaipoteza kila wiki.

Magonjwa na barabara

Kwanza tujue tunaishi wapi. Igunga iko kwenye barabara kuu. Malori yanayotoka Dar es Salaam yanapita Dodoma na Singida, yanashuka Mlima Sekenke taratibu huku breki zikinuka, yanapita kwetu, halafu Nzega. Kutoka hapo mengine yanaelekea Shinyanga na Mwanza, mengine Kahama hadi Rusumo, kuingia Rwanda. Nenda pale yanapoegeshwa usiku uone: madereva, utingo, mamantilie, gesti, wauza chipsi, dada wa kuuza vocha. Watu wanakula, wanalala, wanaondoka alfajiri. Nusu ya mji unakula kutokana na barabara hiyo, kwa hiyo mimi siilaumu.

Na si jambo geni kwa watu wa mkoa wa Tabora. Zamani kabla ya lori kulikuwa na misafara. Katika karne ya 19 Wanyamwezi kwa maelfu walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, miezi mitatu njiani, na kurudi na nguo na shanga. Misafara ile ilipeleka mali, lakini ilisambaza pia ndui, kambi hadi kambi. Ilileta na kitu kingine ambacho tunakitumia mpaka leo: utani. Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana leo hii wanatukanana kwa raha zao, na wazee wanasema mizizi yake iko kwenye njia ile ya wapagazi, pale mtu alipohitaji wenyeji wa kumhifadhi akiugua na hata kumzika akifa mbali na kwao. Shika hili la utani, tutalirudia.

Ukimwi nao ulikuja na wasafiri. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka michache baadaye ulikuwa umeshaufuata mkondo wa barabara. Na watu, badala ya kuusema, wakaupa majina. Kule Kagera waliuita Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyokuwa ikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Baadaye vijana wa mijini wakasema ngoma, umeme, mdudu. Mtu akiambukizwa, "amekanyaga miwaya." Majina matamu kweli kijiweni, lakini hebu jiulize: ugonjwa wenye majina kumi ambayo hakuna hata moja linaloweza kutamkwa mbele ya baba, si ndiyo ule ukimya wa sebuleni umevaa nguo nyingine?

Dereva aliyesikika nchi nzima

Mwaka 1993 televisheni Tanzania Bara ilikuwa bado. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, huku kwetu ITV ilianza kuonekana mwaka 1994, tena kwa watu wa Dar es Salaam. Igunga tulikuwa na redio. Na Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo unaoitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila kipindi.

Waulize wazazi wako kuhusu Mkwaju, uone watakavyocheka. Mkwaju alikuwa dereva wa lori kwenye mchezo huo. Mlevi, mwenye maneno mengi, ana mwanamke kila kituo. Nyumbani ana mke anaitwa Tunu, ambaye mwanzoni anavumilia kila kitu. Kidogo kidogo Tunu anachoka. Anaanza biashara yake ndogo, anapata sauti, mwisho anaondoka. Mkwaju naye anaupata ukimwi. Kwa sisi wa kando ya barabara huyo hakuwa mtu wa kubuniwa. Kila mtu alikuwa na Mkwaju wake anayemjua kwa jina.

Nyumbani kwetu alikuwa baba yetu mdogo. Mimi ninayeandika haya nilikuwa darasa la tatu. Bamdogo alikuwa dereva, mtu wa vicheko, akija na lori tunapakiwa watoto wote kwenye kichwa cha gari tunazungushwa mpaka stendi. Redio ilikuwa ya babu, na betri tulizianika juani mchana kutwa ili usiku zipate nguvu ya kumaliza kipindi. Mwanzoni bamdogo ndiye aliyecheka kuliko wote Mkwaju alipokuwa akidanganya wanawake. "Huyu ni mimi kabisa!" alikuwa akisema, na watu wazima wanacheka naye.

Halafu akaacha kucheka. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Wengine walisema ni kifua, wengine wakasema tajiri wa lori amemroga. Usiku mmoja, wakati Mkwaju ameshaanza kuumwa kwenye redio, bamdogo akasema kwa sauti ndogo, "Zimeni hiyo, betri zinaisha." Betri zilikuwa zimetoka juani siku hiyo hiyo. Sote tulijua. Babu akazima. Tukakaa gizani tunasikiliza wadudu, hakuna aliyesema lolote, na asubuhi yake mambo yakaendelea kama kawaida.

Bamdogo alifariki mwanzoni mwa mwaka 1997. Hatukuwahi kumwuliza.

Hadithi inaingiaje kichwani?

Labda unajiuliza: wale waliotunga mchezo walijuaje kwamba dereva wa kubuni atawagusa watu kiasi hicho? Walijua, kwa sababu mbinu ilikuwa imeshajaribiwa mbali sana, na kisa chake kinaanza na cherehani.

Mwaka 1969 kule Peru kulikuwa na tamthilia ya televisheni, Simplemente María, kuhusu msichana wa kijijini anayekuja mjini kufanya kazi za ndani. Usiku anajifunza kusoma, na anajikwamua kwa kushona nguo kwa cherehani ya Singer. Tamthilia ilipendwa kupita kiasi. Wasichana wengi wa kazi za ndani wakajiandikisha kwenye madarasa ya jioni, na Singer ikauza vyerehani kama maandazi. Watunzi hawakuwa wamekusudia kumfundisha mtu chochote. Walitaka watazamaji tu.

Bwana mmoja wa Mexico, Miguel Sabido, mtengenezaji wa tamthilia, akaliona hilo akajiuliza: kama imetokea kwa bahati, je, tukikusudia? Mwaka 1975 akatoa tamthilia kuhusu watu wazima wanaojifunza kusoma. Kipindi kimoja kilitaja mahali vitabu vya kusomea vinapogawiwa bure. Kesho yake maelfu ya watu walijaa hapo, barabara zikafunga.

Siri ya Sabido ni kwamba aliweka wahusika wa aina tatu. Kuna mwema, kuna mbaya, na kuna wa katikati anayeyumba. Huyu wa katikati ndiye mwenye kazi. Mwema hutamwiga, unajua kabisa humfikii. Mbaya unamzomea. Lakini yule anayekosea, anaogopa, anajaribu, anarudi nyuma, anajaribu tena, huyo ni wewe. Kwenye Twende na Wakati alikuwa Tunu. Jingine ni muda. Daktari akija shuleni kwenu anaongea saa moja, mnapiga makofi, mnasahau. Tunu ulikaa naye miaka. Unamfahamu kuliko shemeji yako wa Urambo.

Sasa, ilisaidia kweli au ni maneno tu? Swali zuri, na watafiti walilijibu kwa ujanja. Tangu 1993 hadi 1995 mchezo huo ulirushwa karibu nchi nzima isipokuwa eneo la Dodoma, ambako kituo cha Dodoma kilipiga vipindi vingine. Kwa hiyo wangeweza kulinganisha: waliosikia na wasiosikia. Huku waliosikia, watu wengi zaidi walibadilika, wakapunguza wapenzi, wakatumia kondomu, wakaenda kliniki kwa uzazi wa mpango. Septemba 1995 Dodoma nao wakaanza kurushiwa, na mabadiliko yakaanza kuonekana huko pia. Katika mahojiano ya mwaka 1995, zaidi ya wasikilizaji 8 kati ya 10 walisema mchezo uliwafanya wachukue hatua ya kujikinga na ukimwi.

Mimi ile 8 kati ya 10 naipunguza kidogo kichwani mwangu. Mtu mgeni mwenye kalamu akikuuliza kama umeacha mambo mabaya, utasema hapana? Lakini ile ya kulinganisha na Dodoma ni ngumu kuipinga. Na jambo moja walilolisema watafiti hao lilinigusa kuliko takwimu: hadithi iliwafanya watu wazungumze, mke na mume, rafiki na rafiki, na mabadiliko mengi yalipitia kwenye mazungumzo hayo. Yaani redio peke yake haikutosha. Kwetu redio ilisikika vizuri sana. Mazungumzo ndiyo hayakuwepo.

Tangu hapo mambo yamehamia kwenye picha. Mwaka 2009 ilitoka Shuga, iliyopigwa Nairobi, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Lupita Nyong'o kabla dunia haijamjua. Kuanzia 2012 televisheni zetu zikaonyesha Siri ya Mtungi, ya Cheche mpiga picha na familia yake, pwani kule Bagamoyo ambako babu zetu waliishia na pembe mabegani. Shuga ilipohamia Nigeria, watafiti waliwaonyesha vijana wa huko na wengine wakaonyeshwa filamu nyingine. Miezi baadaye, waliotazama Shuga walikuwa wamepima virusi vya ukimwi karibu mara mbili ya wenzao. Kwa kutazama tu!

Ukiangalia, jiulize pia nani amelipia. Michezo mingi ya namna hii inalipiwa na wafadhili wenye jambo wanalotaka ulisikie. Hata gazeti hili unaloshika limelipiwa na wahisani, hatufichi. Haimaanishi wanakudanganya. Ina maana kwamba kuna waliyoamua kuyasema na mengine wameyaacha, na wewe una akili yako.

Ambayo tamthilia haikuambii vizuri

Tamthilia nyingi, hasa zile ambazo hazina daktari wa kuwashauri watunzi, bado ziko mwaka 1995. Mhusika anapata majibu, analia, anakonda, anakufa, mazishi, basi. Watunzi wanapenda mazishi. Lakini wewe unaishi sasa.

Dawa za kupunguza makali ya virusi, ARV, zilianza kutolewa bure kwenye hospitali zetu mwaka 2004. Bamdogo alizikosa kwa miaka saba. Leo mtu akikutwa na virusi anaanzishiwa dawa bila kusubiri augue. Akizimeza kila siku kama alivyoelekezwa, virusi vinapungua kwenye damu mpaka kipimo hakivioni. Akifika hapo na kubaki hapo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Soma tena sentensi hiyo, maana wengi hawaijui. Anazeeka, anasomesha watoto, analima pamba yake. Mama mjamzito akitumia dawa vizuri, mtoto anaweza kuzaliwa salama. Sahani, choo, kukumbatiana, mbu: hakuna hata kimoja kinachoambukiza.

Kupima? Sheria ilibadilishwa mwaka 2019. Ukiwa na miaka 15 unaweza kupima bila kuomba ruhusa ya mzazi, zamani ilikuwa 18. Majibu ni yako. Mhudumu haruhusiwi kuyatangaza, na wewe pia huna ruhusa ya kutangaza ya mwenzako, hata kama ni rafiki yako wa kufa na kuzikana. Ukipima mapema sana baada ya kuwa kwenye hatari, kipimo kinaweza kisione kitu, kwa hiyo utaambiwa urudi ndani ya miezi mitatu. Na kama mtu amebakwa, asisubiri: kuna dawa za kuzuia maambukizi ambazo lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora zaidi.

Haya, sasa turudi kwa yule anayekohoa kwenye kona. Maana wewe ulidhani nimemsahau.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi si cha kukaa nacho nyumbani. Kinaweza kuwa kifua kikuu, yaani TB. Dalili nyingine ni homa za jioni, kutokwa jasho jingi usiku, kukonda, hamu ya kula kupotea, na wengine makohozi yenye damu. Kinaenea kwa hewa mgonjwa anapokohoa, hasa chumba kikiwa kidogo na madirisha yamefungwa. Fikiria kabini ya lori usiku kucha, watu wawili, vioo juu kwa sababu ya vumbi. Halafu fikiria hiyo sebule yenu. Kupima ni kutoa makohozi tu, na dawa ni bure. Anakunywa miezi sita bila kuruka, hata akijisikia amepona mwezi wa pili. Akiacha katikati, TB inaweza kurudi ikiwa sugu. Siku za mwanzo fungueni madirisha, na yeye azibe mdomo akikohoa. Akishatumia dawa wiki chache, kwa kawaida haambukizi tena.

Kuwa na TB si ushahidi wa kuwa na ukimwi. Watu wengi sana wanaugua TB bila virusi. Ila kwa kuwa virusi vinapunguza kinga ya mwili na TB inapata nafasi, hospitalini watamshauri apime vyote viwili. Na hapo ndipo wengi wanapogoma. "Kifua tu hiki, vumbi la barabara." Bamdogo alisema maneno hayo hayo, neno kwa neno.

Sasa uanzie wapi?

Usianzie kwa baba, tena mbele ya wageni. Hata mimi nisingethubutu. Na usimnyooshee kaka kidole pale sebuleni, utamfukuza arudi barabarani na kikohozi chake.

Faida ya tamthilia ni kwamba inakupa mtu wa tatu. Dada wa kwenye tamthilia hayupo, hana ukoo, hatakasirika. Mnaweza kumsema mnavyotaka. Kwa hiyo tangazo la sabuni likiingia, kabla mtu hajakimbilia habari za umeme, tupa swali kwa mtu mwenye leseni ya kusema lolote ndani ya nyumba. Huyo ni bibi. Kwetu mjukuu na bibi ni watani, si unajua? Anakuita mume wake, unamwambia amezeeka humtaki. Kama bibi hayupo, kuna babu, na kwa wasichana wengi kuna shangazi, ambaye tangu zamani kazi yake ilikuwa kusema ambayo mama anaona haya kuyasema.

"Bibi, hivi huyu dada angekuwa wa kwetu, tungemfanyaje?"

Ni hilo tu. Halafu nyamaza. Usihubiri, usianze kutoa somo la baiolojia ya kidato cha tatu. Bibi anaweza kusema, "Angelala kwangu." Au anaweza kusema jambo baya, kwamba wamtenge sahani. Vyovyote iwavyo, neno limeshatoka, na sasa mama anaweza kujibu, na baba naye anaweza kujifanya anajisemea mwenyewe. Na kaka aliyeko kwenye kona anasikia. Anapima maji. Anajua sasa nani atamfukuza na nani atampokea. Mara nyingi hicho ndicho anachokitafuta mtu aliyenyamaza.

Itashindikana wakati mwingine. Baba atasema, "Badilisha chaneli." Basi, ibadilishe, wiki ijayo kuna kipindi kingine. Wakikukaripia kabisa nyumbani, kuna mwalimu wa malezi, kuna nesi wa zahanati, kuna shangazi wa rafiki yako. Lakini jaribu kwenu kwanza, maana wao ndio watakaolala na wewe wodini siku ya siku.

Kaka mwenyewe mfuate asubuhi akiwa peke yake, anapiga mswaki au anafunga kamba za turubai. Msalimie vizuri kwanza, ni mkubwa wako. "Kaka, shikamoo. Kikohozi chako kina wiki tatu, nimehesabu. Mimi nataka kwenda hospitali kupima, lakini naogopa kwenda peke yangu. Nisindikize." Huenda huogopi kabisa. Haidhuru. Mtu akiambiwa aende kwa ajili yake mwenyewe anaona ameaibishwa, lakini akiombwa amsindikize mdogo wake, hapo ni mkubwa. Mkishafika kwenye benchi, yule nesi atamsikia anakohoa, na kazi yako imeisha.

Kuhusu bamdogo, nilimwuliza bibi miaka mingi baadaye, mimi nikiwa tayari mwalimu na yeye macho yameshakuwa mabovu, televisheni anaisikiliza tu kama redio. Siku hiyo palikuwa na sehemu kama ile, mtu ametoka hospitali na karatasi. Nikamwambia, "Bibi, unakumbuka ile usiku wa betri?"

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Nilijua. Mama hakosi kujua. Nilikuwa nasubiri mmoja wenu, nyinyi watoto, aulize. Mimi mama yake ningeanzaje?"